Uume ulioanza kupinda ukubwani: usiunyooshe kwa mikono

"Salaam daktari. Nina miaka 53, nina mke na watoto wanne. Kisukari niliambiwa ninacho miaka sita iliyopita, natumia metformini. Sasa ni kama miezi saba uume wangu ukisimama unapinda kwenda juu na kushoto. Zamani ulikuwa umenyooka kabisa. Mwanzoni uliuma sana ukisimama alfajiri. Siku hizi maumivu yamepungua lakini kupinda kumezidi, na naona umefupika. Upande wa juu, chini ya ngozi, nikishika nakuta kitu kigumu kama punje ya harage. Rafiki yangu anasema ni matokeo ya kujichua ujanani. Fundi mmoja wa mitishamba kanipa mafuta, niuchue na kuunyoosha kila usiku, na nimefanya hivyo wiki tatu. Tendo la ndoa limekuwa taabu, namkwepa mama watoto, na yeye ameanza kuhisi nina mtu nje. Je, hii ni saratani? Nimesikia kuna sindano ya kuyeyusha hicho kitu. Au ni kupasuliwa tu? Na urefu wangu utarudi?"

Ndugu yangu, kabla sijagusa swali lolote kati ya hayo: usiku wa leo usiuchue wala usiunyooshe. Mafuta yenyewe huenda hayana neno, mikono ndiyo yenye madhara. Sababu utaiona hapa chini.

Hofu ya saratani tuitoe kwanza, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Saratani ya uume kwa kawaida huanzia nje, kwenye ngozi ya kichwa au ndani ya govi: kidonda kisichopona, kinyama kinachoota, usaha wenye harufu, damu. Wewe unaeleza kitu kigumu kilicho ndani, chini ya ngozi iliyo nzima, pamoja na uume kupinda na maumivu wakati wa kusimama. Maelezo hayo ni ya ugonjwa wa Peyronie, na mambo matatu uliyoyataja, yaani uvimbe mgumu, kupinda na kufupika, ndiyo tunayoyauliza kila mara. Si saratani, haugeuki kuwa saratani, na hauambukizi. Mkeo hawezi kuupata kwako. Hata hivyo daktari ataushika na kuukagua ili athibitishe; mimi sijakuona.

Jina hilo ni la François Gigot de la Peyronie, daktari wa upasuaji wa mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1743. Nalitaja kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaokuja kwangu wanadhani wamerogwa au wamepata kitu kisichowahi kusikika duniani. Wanaume wamekuwa wakipinda hivi karne na karne, hasa wenye umri kama wako. Tofauti ni kwamba hawasemi.

Sasa tuingie ndani yenyewe. Uume una nguzo mbili za nyama laini kama sponji, zimelala sambamba kwa urefu wake. Ukipata hamu, damu hujaa humo. Kinachoufanya usimame imara ni ala inayozizunguka nguzo hizo, utando mgumu wenye unene usiozidi milimita mbili hivi, lakini unaovutika. Damu inajaa, ala inavutika hadi mwisho wake, uume unakuwa mgumu. Ala hiyo inapokatwakatwa kidogo ndani kwa ndani, iwe ni kwa uume kukunjika katika tendo, kuteleza nje na kugonga mfupa, au kushinikizwa vibaya usingizini, kwa watu wengi hupona bila wao kujua. Kwa wachache, mwili unazidisha ukarabati. Badala ya kushona palipochanika na kuacha, unaendelea kurundika kovu, na kovu halivutiki.

Umewahi kuona mpira wa ndani wa baiskeli wenye kiraka ukijazwa upepo nje ya tairi? Upande usio na kiraka unatanuka, upande wa kiraka unakataa, na mpira unajikunja kuelekea kwenye kiraka. Ndivyo ilivyo kwako. Kovu lako liko juu na kushoto, ndiyo maana uume unaelekea huko huko. Ndiyo maana pia ukilala umelegea unauona umenyooka kama zamani, na ukisimama umefupika: sehemu yenye kovu haiendi mbali kama ilivyokuwa ikienda.

Utaona basi kwa nini nimekukataza kuunyoosha. Kovu lililoletwa na michaniko midogo huliondoi kwa kuongeza michaniko mingine. Wiki tatu za kuulazimisha uume uliosimama ni wiki tatu za kuupa mwili kisingizio cha kuongeza kiraka.

Na rafiki yako mwambie hapana. Kujichua ujanani hakumpi mtu ugonjwa huu miaka 30 baadaye. Wagonjwa wengi hata hawakumbuki ajali yoyote. Kisukari kina uhusiano mkubwa zaidi kuliko hayo ya ujana, pamoja na shinikizo la damu, uvutaji sigara, na upasuaji wa kuondoa tezi dume. Wapo pia wenye kovu la namna hiyo hiyo kwenye kiganja, linalovuta vidole vikakunjika visifunguke; kwetu si jambo la kila siku, ila tazama mikono yako, na kama umeona kidole kinajikunja umwambie daktari.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni kwamba kovu hili lina majira mawili. Majira ya kwanza ni ya moto: uume unauma, kupinda kunabadilika mwezi hadi mwezi, kovu linajengwa. Mara nyingi huchukua miezi 6 hadi 18. Majira ya pili ni ya utulivu: maumivu yameisha, kona imesimama pale pale kwa miezi mitatu hadi sita, kovu limekauka, pengine limeingia chokaa. Wewe una miezi saba, maumivu yanashuka lakini kona inaongezeka. Bado uko majira ya kwanza, labda mwishoni mwake. Daktari anayekupangia upasuaji wiki hii anakata nguo kabla mtu hajamaliza kukua. Ukinyooshwa leo, kovu likaendelea kujengeka, utapinda tena.

Utauliza, je nikingoja si litaondoka lenyewe? Nitakuambia ukweli. Maumivu, kwa karibu wagonjwa 9 kati ya 10, huisha. Kupinda ni habari nyingine. Wanaume waliofuatiliwa bila tiba kwa mwaka na zaidi, kama 12 katika kila 100 walipata nafuu, 40 hivi walibaki walivyokuwa, na karibu nusu walizidi. Kwa hiyo kungoja kunaruhusiwa, lakini kungoja huku unapimwa, huku sukari inadhibitiwa, si kungoja kwa kujificha.

Kuhusu vipimo, usitishike. Tafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Hospitali kubwa za rufaa wanao: Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando, na kwa wasomaji wa Kenya, Kenyatta na ile ya rufaa ya Eldoret. Ukianzia hospitali ya wilaya, sema wazi, "Uume unapinda ukisimama, nina uvimbe mgumu ndani." Ukisema tu "nina tatizo la nguvu za kiume" utapewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Daktari atauliza lini ilianza, kona inabadilika au imetulia, unaweza kuingia au huwezi. Atauvuta uume taratibu ukiwa umelegea na kulipapasa kovu kwa vidole kutoka shinani hadi kichwani. Kisha atataka kuona kona yenyewe, na hapo ndipo wengi wanapoona haya. Njia rahisi ni picha. Nyumbani, uume ukiwa umesimama vizuri, piga moja kutoka juu na moja kutoka ubavuni. Ziweke kwenye simu yenye nywila, si kwenye simu inayochezewa na watoto, na uzifute ukishamwonyesha. Mzee mmoja aliona picha ni aibu, akanichorea kona yake nyuma ya risiti ya saruji. Mchoro ulikuwa mzuri, ila nilipopima baadaye nilikuta alikuwa amejipunja kidogo. Wengine hujizidishia. Macho ya mwenye shida si kipimo kizuri.

Kabla ya sindano za tiba au upasuaji, kipimo kamili ni kuchomwa dawa ubavuni mwa uume, kwa sindano nyembamba, ili usimame pale kliniki. Daktari anapima kona kwa digrii, na mashine ya altrasaundi inaonyesha damu inavyoingia na kutoka. Kukata kipande cha nyama cha kupeleka maabara kwa kawaida hakuhitajiki. Wewe utapimwa pia sukari, ikiwemo ile ya wastani wa miezi mitatu, na mafuta kwenye damu.

Ili uelewe digrii wanazozitaja, tazama uso wa saa ya ukutani. Mshale ukitoka kwenye 12 ukaelekea 1, hiyo ni digrii 30. Ukifika 2 ni 60, ukifika 3 ni 90. Chini ya 30 watu wengi wanaendelea na tendo bila shida kubwa, na hawahitaji zaidi ya kuhakikishiwa. Lakini digrii si kila kitu. Swali kubwa kuliko kona, na wewe hukulitaja, ni hili: ukisimama, unakuwa mgumu wa kutosha? Mwenye kisukari anaweza kuwa na matatizo mawili kwa pamoja, kona na ulegevu, na tiba inafuata jibu la swali hilo zaidi ya inavyofuata kona. Mwambie daktari ukweli. Kama ulegevu upo, vidonge kama sildenafili vinaweza kutumika, mradi tu hutumii dawa za moyo za jamii ya naitreti, maana zikikutana presha huanguka kwa hatari. Hapo ndipo ninapoogopa zile "dawa za asili za nguvu za kiume" za barabarani: baadhi zimepimwa zikakutwa zimechanganywa sildenafili bila kuandikwa.

Tiba sasa. Vidonge vya kunywa kwa ajili ya kovu lenyewe vimekatisha tamaa. Vitamini E imetolewa kwa miongo mingi, tamoksifeni nayo, mafuta ya samaki nayo. Mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Marekani wa mwaka 2015 unasema zisitolewe kwa ugonjwa huu, kwa sababu zilipopimwa hazikuonyesha faida. Usizinunue. Za maumivu kama ibuprofeni zinasaidia maumivu, ila kwa mwenye kisukari figo zake zichunguzwe kwanza, na zisiwe za kila siku miezi na miezi. Mashine ya mawimbi ya mshtuko inayotangazwa sana mitandaoni inaweza kupunguza maumivu, hainyooshi. Maumivu yako yanapungua yenyewe, kwa nini ulipie?

Sindano uliyoisikia ipo. Ni kimeng'enya kinachotokana na bakteria, kinachokata nyuzinyuzi za kovu, na Marekani walikiidhinisha kwa ugonjwa huu Desemba 2013. Kinachomwa ndani ya kovu, hadi mara nane katika awamu nne. Lakini sikiliza takwimu zake. Katika utafiti uliokifikisha sokoni, waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa digrii 17. Waliochomwa maji matupu walipungua digrii 9. Ni nafuu ya kweli, ila ndogo kuliko neno "kuyeyusha" linavyomfanya mtu atarajie. Kinafaa kona iliyotulia, kati ya digrii 30 na 90, kwa mtu anayesimama vizuri. Huleta uvimbe na kuvilia damu, na mara chache ala hupasuka. Ulaya mtengenezaji alikiondoa sokoni mwaka 2020, na bei yake ni kubwa mno, basi mtu akikuambia anacho kwenye friji ya duka lake la dawa mtaani kwa bei poa, ondoka. Madaktari wengine huchoma verapamili au intaferoni ndani ya kovu. Ushahidi wake ni mwembamba zaidi, hasa wa verapamili, lakini ni jambo la kuzungumzika na bingwa aliyekuona.

Kuna pia kifaa cha kuvuta. Utasema, "Daktari, si umenikataza kuvuta?" Nimekukataza kulazimisha uliosimama, kwa mikono, bila kipimo. Kifaa hiki kinavaliwa uume umelegea, kinavuta kwa nguvu ndogo inayojulikana, kila siku, kwa miezi kadhaa: vya zamani saa nyingi kwa siku, vya karibuni nusu saa au zaidi kidogo. Baadhi ya wanaume wamepata nafuu ya kona na kuongeza urefu kidogo. Kinataka subira ambayo wengi hawana. Ukiwa na kisukari, kama ganzi imeshakuingia usinunue kimyakimya mtandaoni; unaweza kujichubua bila kuhisi.

Upasuaji ndio njia ya uhakika zaidi ya kunyoosha, na unakuja mwisho, kona ikishatulia. Kwa kona isiyozidi digrii 60 hivi na uume unaosimama vizuri, daktari haligusi kovu. Anakwenda upande wa pili, ule mrefu, anaupunguza: ama anakata kipande kidogo cha ala na kushona, kama alivyoeleza daktari Nesbit mwaka 1965, au anaukunja kama fundi cherehani anavyotia rinda. Uume unanyooka kwa kuufupisha upande mrefu ulingane na mfupi. Umeelewa gharama yake: utafupika kidogo zaidi, na unaweza kuvisikia vifundo vya uzi chini ya ngozi. Kona ikizidi hapo, au uume ukiwa umebanwa katikati kama kiuno, kovu lenyewe hukatwa na kutiwa kiraka, pengine cha mshipa wa mguuni mwako. Hiyo huokoa urefu zaidi, lakini hatari ya kushindwa kusimama baadaye ni kubwa zaidi, na kwa mwenye kisukari ningeifikiria mara mbili. Na kwa yule ambaye hasimami hata kwa vidonge, kunyoosha peke yake ni kumpa fimbo ya mpira iliyonyooka. Huyo hupandikizwa kifaa ndani ya uume, kinachotatua yote mawili. Sukari ikiwa juu, hatari ya maambukizi kwenye kifaa hicho hupanda. Baada ya upasuaji wowote kati ya hizi kuna kama wiki sita bila tendo.

Urefu wako? Kwa kweli sehemu iliyopotea kwa kawaida hairudi yote. Lengo la tiba ni uume ulionyooka kiasi cha kuingia bila maumivu, kwako na kwa mkeo, wala hakuna daktari mwaminifu atakayekuahidi ule wa umri wa miaka 25.

Tukifika kwa mama watoto, nadhani hapo umeumia kuliko kwenye uume. Huyo amekaa miezi kadhaa akijiuliza amekosa nini. Mwambie usiku wa utulivu, si mkiwa tayari kitandani mnajaribu: "Nina kovu ndani, linanipinda, si kosa lako na si mtu mwingine." Mwonyeshe ukiweza. Kisha mnaweza kuendelea, kama hakuna maumivu makali. Chagueni mkao ambao uume hauchomoki kirahisi na wewe ndiye unayeongoza kasi; yeye kuwa juu kwa sasa ni hatari zaidi, maana ukiteleza nje uzito wote unaukunja. Tumieni kilainishi. Huzuni nayo si udhaifu, huwapata wengi sana wenye ugonjwa huu. Kama hata kazi imekuwa nzito au unawaza kutoishi, hilo limwambie daktari siku hiyo hiyo, usisubiri miadi ya uume.

Vijana mnaosoma hili, kona ndogo uliyokuwa nayo tangu kubalehe, isiyouma na isiyo na uvimbe, ni maumbile. Wachache huzaliwa na kona kubwa. Hiyo haina kovu na si Peyronie, na ikizuia tendo hunyooshwa kwa upasuaji.

Yapo machache yasiyongoja miadi. Ukisikia mlio kama kijiti kuvunjika katikati ya tendo, uume ukalegea ghafla, ukavimba na kuwa rangi ya bilingani, ala imepasuka. Nenda hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Ukichomwa dawa ya kusimamisha na uume ukagoma kushuka kwa muda unaozidi masaa manne, rudi mara moja. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka na damu, vivyo hivyo.

Kwako wewe, naona hivi: bingwa ndani ya mwezi huu, picha mbili mkononi, sukari ishuke, mikono ikae mbali, na kona ipimwe tena baada ya miezi mitatu. Ikiwa imetulia, ndipo mzungumze sindano au rinda. Ukienda, beba dawa zako zote, na ile chupa ya mafuta pia uitie mfukoni. Daktari atataka kusoma kilichoandikwa, kama kuna kilichoandikwa.